Mashine ya 2018 iliyogoma kuzeeka

Wiki mbili zilizopita kompyuta yangu mpakato ilianza kunichosha. Nikifungua faili kubwa la mahesabu, feni inavuma kama mashine ya kusaga, kishale kinaganda, halafu kila kitu kinakwenda mwendo wa kobe. Ni mtumba, niliinunua Kariakoo baada ya kumaliza kazi yake katika ofisi fulani huko Ulaya, na ndani yake kuna prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kampuni ya Intel, Core i5-8250U. Nilishaanza kupiga hesabu ya hela ya kununua nyingine. Fundi wangu akacheka.

"Bosi, hii haijazeeka. Ina joto tu."

Akaigeuza, akafungua skrubu za chini, akanyanyua bomba la shaba linalochukua joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye feni. Vumbi lilikuwa limeshikamana kwenye mapezi ya kupozea mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Ile pesti ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi. Alilipangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, akafuta pesti ya zamani kwa spiriti, akaminya mpya kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Kabla ya hapo programu ya kupimia ilikuwa inasoma nyuzi 97, na prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Baada ya hapo, kwa kazi ileile, nyuzi 71. Nikalipa elfu ishirini nikaondoka na mashine iliyofufuka.

Mashine hiyo ya 2018 ina umri wa zaidi ya miaka saba, na kwa kazi zangu haina deni. Mwaka 1998 jambo hilo lingekuwa kichekesho. Pentium ya kwanza ya Intel, ya 1993, ilikuwa na megahezi 66, yaani mapigo milioni 66 kwa sekunde. Miaka mitano baadaye Pentium II ilikuwa imefika megahezi 450, na aliyenunua kompyuta ya miaka mitano alikuwa ananunua midoli ya watoto. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama maendeleo ya prosesa yamepungua kasi, simjibu kwa grafu. Namwambia aangalie mtumba. Yamepungua. Ila yamepungua kwa sababu mbili tofauti, joto na biashara, na wachambuzi wengi huzichanganya kwenye chungu kimoja.

Kwanza tuiweke pembeni Sheria ya Moore, maana inatajwa ovyo. Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kuwekwa kwa gharama nafuu kwenye kipande kimoja cha silikoni ilikuwa inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila miaka miwili. Alizungumzia idadi na gharama. Hakuahidi kwamba kompyuta yako itakuwa na kasi mara mbili.

Na kwa upande wa idadi, mzee huyo hakuaibika. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista, zile swichi ndogo mno za umeme, kama 2,300. M1, prosesa ya Apple iliyotoka Novemba 2020, ina bilioni 16. Ukikaa na kikokotoo utakuta ni kujirudufu mara 22 na kitu ndani ya miaka 49, yaani kila baada ya miaka miwili na miezi miwili hivi. Ni kweli kipande chenyewe nacho kimenenepa kama mara kumi, kwa hiyo sifa zote si za kufinya transista. Hata hivyo, anayesema idadi imesimama hajahesabu.

Kasi ilikuwa na baba mwingine, na huyu hatajwi sana. Robert Dennard wa IBM, ndiye pia aliyebuni kumbukumbu ya DRAM iliyomo kwenye kila kompyuta, alionyesha na wenzake mwaka 1974 kwamba ukiifinya transista kila upande, pamoja na volti inayotumia, inawaka na kuzima upesi zaidi huku ikila umeme kidogo zaidi. Hesabu yake ilikuwa tamu: jaza transista mara mbili kwenye eneo lilelile, joto la eneo hilo linabaki palepale. Kila kizazi kipya kilileta nyongeza ya kasi ya kama asilimia 40, na bili ya umeme haikushtuka. Waandishi wa programu hawakulazimika kubadilisha hata mstari mmoja. Ukiona programu yako nzito, unasubiri miaka miwili, silikoni inakulipia deni.

Karamu hiyo iliisha katikati ya miaka ya 2000, na iliisha ghafla. Volti ilikataa kuendelea kushuka. Transista ikipewa volti ndogo mno haizimiki sawasawa. Umeme unapita hata ikiwa imezimwa, kama koki iliyokwisha mpira wake. Volti ikibaki juu na transista zikizidi kusongamana, joto linapanda. Pentium 4 ya mwishoni mwa 2004 ilikuwa na gigahezi 3.8 (gigahezi moja ni megahezi 1,000) na ilitoa joto la hadi wati 115 kwenye kipande cha milimita za mraba 112, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Pasi ya umeme ya wati 1,000 hutawanya joto lake kwenye bamba la sentimita za mraba kama 200, ambazo ni wati tano kwa kila sentimita. Prosesa ile ilikuwa na wati mia moja kwa sentimita. Shati lisingesalimika.

Intel ilikuwa imeota kuifikisha familia hiyo gigahezi 10. Mei 2004 ikafuta mrithi wake aliyekuwa akiandaliwa, Oktoba ikatangaza kwamba hata gigahezi 4 haitoki. Tangu 4004 ya 1971 hadi siku hiyo, mapigo ya prosesa yalikuwa yameongezeka kama mara elfu tano. Miaka ishirini iliyofuata? Mwaka 2024 prosesa ya mezani ya Intel yenye mbio kuliko zote ilifika gigahezi 6.2, tena kwa vipindi vifupi na kwa kumeza umeme bila haya. Haijafika hata mara mbili.

Nyuzi 97 za mezani kwa fundi ni ukuta huohuo, mimi niliufikia kwa njia ya vumbi tu.

Baada ya hapo viwanda vikageukia kore, yaani vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa moja. Badala ya mfanyakazi mmoja anayekimbia zaidi, unapewa wawili, wanne, wanane. Tatizo lake lilishaelezwa na Gene Amdahl tangu 1967, na kila mwenye kupika shughuli analijua. Wapishi wanane watamenya vitunguu vya pilau upesi sana, lakini mchele ukishafunikwa unasubiriwa kwa muda wake, awepo mpishi mmoja au hamsini. Kama robo ya kazi haigawanyiki, hata ukileta kore elfu moja hutapata zaidi ya mara nne. Kazi nyingi za mtu wa kawaida, kufungua ukurasa wa intaneti au kuandika barua, zina robo hiyo na zaidi.

John Hennessy na David Patterson, waliopewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2017 kwa kazi yao ya usanifu wa prosesa, walipima mwendo huo kwa majaribio ya kore moja. Kati ya 1986 na 2003 utendaji ulipanda kwa asilimia 52 kila mwaka. Kisha asilimia 23 hadi 2011. Kisha 12. Na kuanzia 2015, asilimia 3.5. Kwa kasi ya kwanza ulihitaji chini ya miezi ishirini kupata mara mbili. Kwa kasi ya mwisho unahitaji miaka ishirini. Takwimu hiyo ya mwisho imezunguka sana, na ndiyo inayonunuliwa na kila anayetaka kutangaza msiba.

Mimi nina shaka nayo. Sidai kwamba walipima vibaya. Walipima wakati ambao soko lote lilikuwa limemwegemea mgonjwa mmoja, Intel.

Hapa ndipo prosesa ya mtumba wangu inapotoa ushahidi wa pili. Kizazi cha saba cha Core i5 kwa mashine nyembamba za wati 15, mfano i5-7200U ya 2016, kilikuwa na kore mbili. Kizazi kilichotangulia, mbili. Kabla yake, mbili. Halafu Agosti 2017 inatoka i5-8250U: kore nne, wati 15 zilezile, na bado ile familia ileile ya utengenezaji ya nanomita 14 (namba ikishuka, transista zinatakiwa ziwe ndogo zaidi). Ukizisoma karatasi zake utaona joto lilivyogawanywa: mwendo wa msingi umeshushwa kutoka gigahezi 2.5 hadi 1.6, kwa sababu kore nne sasa zinakula sahani moja, huku mwendo wa juu wa muda mfupi ukipandishwa kutoka 3.1 hadi 3.4. Ujanja mzuri. Lakini fizikia ya silikoni haikubadilika kati ya Krismasi ya 2016 na Agosti ya 2017. Kilichobadilika?

AMD, mshindani wa Intel, ilirudi mjini. Machi 2017 ilitoa Ryzen, kore nane kwa mashine ya mezani, moja yake ikiuzwa dola 329. Kwa miaka kumi kabla ya hapo, tangu Core 2 Quad Q6600 ya Januari 2007 hadi Core i7-7700K ya Januari 2017, Intel ilimwuzia mnunuzi wa kawaida wa mezani kore nne kama kiwango cha juu, ukitoa zile za bei ya kuruka. Oktoba 2017, miezi saba tu baada ya Ryzen, zikatoka sita. Mwaka uliofuata, nane. Zote nanomita 14. Nakubali wahandisi wake walikuwa wameinoa teknolojia hiyo kidogo kidogo, na walistahili pongezi. Ila muuza duka akiwa peke yake mtaani hana haraka ya kujaza kipimo, na miaka sita au saba ya kile tulichoambiwa ni mwisho wa fizikia ilikuwa pia miaka ya duka moja.

Juu ya hilo Intel ilijikwaa yenyewe. Teknolojia yake ya nanomita 10 iliyotarajiwa 2016 ilikuja kuuzwa kwa wingi 2019, na mashine za mezani zilibaki na nanomita 14 hadi 2021. Wakati huohuo TSMC ya Taiwan, inayotengeneza prosesa za wengine ikiwemo M1 ya Apple, ilikuwa inaendelea na safari. Ndiyo maana M1 ilipotokea 2020 ndani ya kompyuta mpakato isiyo na feni kabisa, watu walishangaa. Kwa waliokuwa wakitazama Intel peke yake ilionekana kama muujiza. Ulikuwa mkusanyiko wa miaka ambayo wengine hawakuwa wamelala.

Sasa, baada ya kuitoa biashara kwenye chungu, kinachobaki ni kipi? Kinabaki ukuta wa kweli, na unazidi kukaribia.

Chukua majina yenyewe. Prosesa za nanomita 3 hazina sehemu ya transista yenye upana wa nanomita 3. Umbali kati ya geti moja, sehemu inayoiwasha na kuizima transista, na jirani yake bado unazidi nanomita 40. Namba imegeuka jina la kibiashara, kama ukubwa wa viatu vya mtumba usiolingana na mguu. Kinachoumiza zaidi ni kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ile SRAM inayoshika data ya karibu. Katika toleo la TSMC linaloitwa N3E, chumba kimoja cha SRAM kina ukubwa uleule wa kile cha nanomita 5. Kizazi kipya kizima, mabilioni ya dola, na sehemu hiyo haikupungua hata chembe. Kwa kuwa SRAM inachukua eneo kubwa la prosesa ya kisasa, hasara yake si ndogo.

Halafu tazama kazi inayohitajika kupata hicho kidogo. Mashine za kuchora transista hizo zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Ndani yake matone ya bati yaliyoyeyushwa hudondoshwa 50,000 kwa sekunde, kila moja linapigwa na leza mpaka linatoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo humezwa na hewa na kioo cha kawaida, kwa hiyo kila kitu kinafanyika ndani ya ombwe, kwa vioo vya kuakisi vya kampuni ya Zeiss vilivyosuguliwa kwa usahihi wa kutisha. Mashine moja ni zaidi ya dola milioni 150. Ya kizazi kipya inapita milioni 350. Haishangazi kwamba waliobaki mbele kwenye mbio hizi ni watatu tu: TSMC, Samsung na Intel.

Na mavuno? TSMC ilianza uzalishaji mkubwa wa nanomita 3 mwishoni mwa 2022 na wa nanomita 2 mwishoni mwa 2025. Ahadi yake kwa hatua hiyo ya miaka mitatu ni kasi zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa umeme uleule, au umeme pungufu kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ileile. Yaweke kando ya asilimia 40 za Dennard, zilizokuja bure. Hii ndiyo kasi halisi ya silikoni leo, ukishatoa porojo: asilimia tatu hadi tano kwa mwaka, na nyingine inabidi itoke kwenye akili ya wasanifu.

Najua nitaulizwa kuhusu prosesa za akili bandia. Zinapaa, sikatai. Lakini ziangalie mlangoni zinapolipa nauli. A100 ya kampuni ya Nvidia ya mwaka 2020 ilikula hadi wati 400. H100 ya 2022, wati 700. B200 iliyotangazwa 2024 ina transista bilioni 208 na inafika wati 1,000, ile pasi yetu ikiwa imewashwa usiku na mchana. Tena si kipande kimoja, ni viwili vilivyounganishwa, kwa kuwa mashine za kuchora haziwezi kuchora kipande kinachozidi milimita za mraba 858 kwa mkupuo. Sehemu kubwa ya ukuaji huo imenunuliwa kwa silikoni nyingi zaidi, umeme mwingi zaidi na kupunguza usahihi wa namba zinazokokotolewa. Inafaa kwa kuzidisha majedwali ya namba, kazi kuu ya akili bandia. Haitafungua faili langu la mahesabu upesi zaidi.

Wakubwa wenyewe usiwasikilize sana katika hili. Septemba 2022 Jensen Huang wa Nvidia, akitetea bei za kadi zake mpya, alisema Sheria ya Moore imekufa. Wiki hiyohiyo au iliyofuata Pat Gelsinger, aliyekuwa akiiongoza Intel, akasema ingali hai. Mmoja alikuwa anaeleza kwa nini bei imepanda, mwingine anatafutia viwanda vyake wateja.

Kilichonifurahisha zaidi kuliko maneno yao ni jaribio la watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, Charles Leiserson na wenzake, lililochapishwa 2020. Walichukua kazi ya kuzidisha majedwali mawili ya namba, kila moja la safu 4,096 kwa 4,096, wakaiandika kwa lugha ya programu ya Python kwa njia rahisi. Ilichukua kama saa saba. Wakaiandika upya kwa lugha nyingine, C, wakaigawa kwenye kore zote, wakaipanga ilingane na kumbukumbu ya prosesa, wakatumia maagizo maalumu ya prosesa hiyo. Kompyuta ileile ikamaliza kwa sekunde 0.41. Tofauti ya mara zaidi ya 60,000 ilikuwa imelala ndani ya programu. Wakati silikoni ilipokuwa inalipa madeni, hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kuitafuta, na ndiyo maana mpaka leo kuna programu ya kutumiana ujumbe inayokula kumbukumbu kuliko kompyuta nzima ya mwaka 2000.

Hapo ndipo mwenye mtumba anapokutana na jambo la ajabu. Prosesa imepunguza mwendo wa kuzeeka, kwa hiyo mashine yake ingeweza kumfaa miaka kumi. Anayemzeeshea sasa ni mwenye programu. Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, inazikubali za Intel kuanzia kizazi cha nane. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mstari umechorwa palepale, kati ya i5-7200U na i5-8250U, na ninakiri kwamba kizazi cha nane kina faida ya kweli ya kore mbili zaidi. Lakini sababu zilizotolewa zilihusu hasa usalama. Kizazi cha saba hakikuachwa kwa sababu kimeshindwa kukimbia.

Kwa fundi wangu mstari huo unaonekana kwa macho. Za kizazi cha nane zimewekwa mbele, kwenye kabati la kioo, na bei zake zimeshikilia. Za sita na za saba zimepangwa nyuma kama matofali. Siku ile nilipokuwa nasubiri pesti yangu, alikuwa na moja ya hizo upande wa pili wa meza, anaiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwa ajili ya mama mwenye stesheneri. Mama amesimama na mkoba wake, wala hakuuliza gigahezi wala kore.

"Itachapa lakini?"

Fundi akachomeka waya wa printa, akasubiri kidogo, karatasi ikaanza kutoka.

"Itachapa, mama."